Mtu asiyetaka kuua anatafuta nini kwenye timu ya wapiganaji? (Vash, Thorfinn, Kenshin na wenzao)

#1 Fundi Saa

Wakuu, salamu zenu.

Tahadhari mapema: humu ndani kuna spoila za Trigun, Vinland Saga, Dragon Ball Z, Rurouni Kenshin na nyingine zitakazoibuka huko mbele. Kama kuna ambayo hujaimaliza, pita kimya kimya, usije ukanitukana kesho.

Kuna ubishi hauishi kila nikikaa na watu wa anime. Timu ina mpiga upanga, ina mpiga risasi, ina mwenye nguvu za ajabu, halafu katikati yao yumo mmoja aliyeapa hataua mtu. Nusu ya watazamaji wanamwita mzigo. Wanauliza, jamaa kaingia kwenye hadithi ya mapigano kuleta mahubiri ya nini? Si angebaki nyumbani?

Msimamo wangu ni huu. Ana nafasi, na mara nyingine ndiye anayeibeba hadithi nzima, ila kuna sharti. Kiapo chake kina bili, na bili lazima ionekane inalipwa. Hadithi ikijifanya haioni nani anaumia kwa sababu ya ule ugumu wake wa moyo, hapo wanaomwita mzigo wako sahihi, na wa kulaumiwa ni mwandishi.

Tusichanganye pia watu wawili. Yuko asiyepigana kabisa, na yuko anayepigana vizuri tu ila haui. Wa kwanza kwenye anime za mapigano mara nyingi utamkuta pembeni: daktari, malkia kama Otohime wa One Piece, mtoto. Huyu wa pili ndiye anakaa kwenye timu, na ndiye analeta ugomvi.

Mfano wangu ni Trigun ya zamani, ile ya Madhouse ya mwaka 1998, episodi 26. (Ile ya 2023 ya studio Orange inapendeza machoni, lakini leo siigusi.) Vash the Stampede ana zawadi ya dola bilioni 60 za huko kwao kichwani mwake. Wanamwita kimbunga chenye umbo la mtu. Ukikutana naye sasa: mrefu kama mnazi, koti jekundu, anapenda donati, anakimbia hovyo huku analia. Episodi za mwanzo unaweza kudhani wamekosea mtu. Kumbe ni bingwa wa bastola kuliko wote sayari ile, na bastola hiyo anaitumia kupiga silaha za watu, si watu.

Sasa kuna mahali anavua shati. Mwili mzima ni makovu. Kifuani kawekewa wavu wa chuma, kuna mishono kila upande, mkono wa kushoto wenyewe ni wa bandia. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Miaka yote hiyo ya kuwahurumia watu waliokuja kumuua imeandikwa kwenye ngozi yake. Kila aliyemwacha hai amemwachia alama.

Halafu ipo ile kumbukumbu ya utotoni, episodi ya 17. Kipepeo kanasa kwenye utando wa buibui. Vash mdogo anahangaika amtoe kipepeo bila kumdhuru buibui. Pacha wake, Knives, anakuja anamponda buibui, basi. Kwake hesabu ni nyepesi: ukiendelea kumwokoa kipepeo, buibui atakufa njaa, kwa hiyo chagua mmoja. Vash anafoka kwamba alitaka kuwaokoa wote wawili. Episodi zote 26 ni huo ugomvi wa watoto wawili, ila mmoja kaja kuwa muuaji wa miji.

Tieni neno. Wa kumtetea na wa kumfukuza kwenye timu, wote karibuni.

#2 Ngoma Droo

Natandika mkeka hapa. Chumvi ya Mawe popote ulipo, njoo, kuna mtu kakuletea kesi.

#3 Chumvi ya Mawe

Nimefika.

Fundi Saa, umeandika vizuri lakini umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Umetuonyesha makovu ya Vash ukaishia episodi ya 17. Kwa nini hukuendelea mpaka ya 22? Au unadhani sisi hatukumaliza?

Nawakumbusha waliosahau. Kwenye timu ya Vash kuna Wolfwood, padri anayebeba msalaba mkubwa, na ule msalaba wenyewe ni bunduki. Wolfwood haamini haya mambo ya kumwokoa kipepeo na buibui. Episodi ya 22, Zazie the Beast, ambaye ni mtoto, kamnyooshea Vash bastola. Vash anafanya kama kawaida yake, anabembeleza. Wolfwood anampiga risasi yule mtoto. Vash anamgeukia Wolfwood, kawaka kwa hasira.

Samahani, hapo nani kamwokoa nani? Padri kabeba dhambi ya kuua mtoto ili stelingi wetu abaki na mikono misafi, na asante yake ni kufokewa.

Ya 23 ndiyo mbaya zaidi. Wolfwood ameshaambukizwa maneno ya Vash. Anapambana na Chapel, mwalimu aliyemlea katika kazi ya kuua, anamshinda, na kwa mara ya kwanza anaamua kumwacha hai. Legato, mtumishi wa Knives, anaingia akilini mwa Chapel, anamtumia, Wolfwood anapigwa risasi. Anajikokota mpaka kanisani na kufia pale, kauegemea msalaba wake.

Kwa hiyo tupige hesabu. Vash ana makovu, sawa. Wolfwood yuko kaburini, na kosa lake ni kujaribu siku moja kuishi kama Vash. Bili imekwenda kwa nani, mkuu?

Wala si Trigun peke yake. Nendeni Dragon Ball Z, kwa Gohan, mtoto wa Goku, na adui yao Cell. Mtoto hataki kupigana. Wenzake wanapondwa na vile vi-Cell vidogo mbele ya macho yake, yeye anasitasita. Android 16, jitu lililopenda ndege na miti, linabaki kichwa kitupu kinachoongea, na bado linamwomba Gohan aachie nguvu zake. Cell anakikanyaga kile kichwa. Ndipo mtoto anawaka. Tena baadaye anachelewa kummalizia, Goku anakufa. Kuna uhai wa watu wangapi pale uliopotea kwa sababu mmoja hataki kufanya kazi aliyoitiwa?

Timu ya mapigano ni timu ya mapigano. Asiyetaka kuua akafungue duka la donati.

#4 Fundi Saa

Hahaha, nilijua utakuja na Wolfwood. Nilimwacha makusudi, nilitaka umlete wewe.

Anza na Gohan kwanza, maana hapo umechanganya. Goku hakufa kwa sababu ya huruma ya Gohan. Rudi ukaangalie. Gohan akishafika ile ngazi ya pili ya nguvu zake, Goku anamwambia ammalize Cell, naye anakataa kwa sababu anataka Cell ateseke kwanza. Ule ni ukatili wa mtoto aliyeonja nguvu, amani haimo. Cell anajivimbisha kutaka kulipuka, Goku anamhamisha na kufa naye. Na lile la mwanzo, la kusitasita, mwenye kosa ni baba mtu. Piccolo, mwalimu wa Gohan, alimwambia Goku usoni kwamba mwanawe hana moyo wa kupenda vita kama yeye, na kwamba pale alipo anajiuliza tu kwa nini baba yake hamwokoi. Gohan hakuapa chochote. Alisukumwa ulingoni.

Sasa Wolfwood. Yote uliyosema ni kweli na ndiyo yanayonifanya niipende Trigun. Rudia maneno yangu ya juu: bili lazima ionekane inalipwa. Unadhani mle ndani kuna mtu anatuficha? Baada ya Wolfwood kufa, episodi ya 24 jina lake ni dhambi. Legato anawatawala watu wa mji, kawageuza vikaragosi, na Meryl na Milly, wale mabinti wawili wanaosafiri na Vash, wako mikononi mwao, dakika yoyote wanauawa. Legato mwenyewe anasimama mbele ya Vash na anachotaka ni kimoja: auawe. Anataka Vash avunje kiapo kwa mkono wake. Hakuna silaha ya kulenga, hakuna kamba ya kukata, hakuna ujanja uliobaki. Vash anafyatua. Anamuua.

Mwandishi mwoga angemtafutia mlango wa nyuma. Jengo lingemwangukia Legato, au Wolfwood angekuwa bado hai amfanyie ile kazi. Wameondoa milango yote, hadi yule aliyekuwa akimbebea dhambi wameshamwondoa episodi moja kabla. Ndiyo maana kifo cha Wolfwood kimewekwa pale. Na Vash hatoki pale kama shujaa, anatoka amevunjika.

Halafu baada ya hapo anakwenda kwa Knives, pacha wake, chanzo cha maafa yote, na anamshinda, na hamuui. Anamfunga majeraha, anambeba. Wewe Chumvi utasema ni ujinga. Mimi nasema sasa ndiyo ana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu anajua kuua kukoje.

#5 Kijana wa Reli

Mimi nawaachia falsafa yenu, nazungumzia mapigano yenyewe kama mapigano.

Pambano la wanaouana lina swali moja tu, nani mwepesi au nani ana nguvu zaidi. Ukishajua huyu kazidi, kilichobaki ni kusubiri. Weka humo mtu asiyeua. Bastola ya Vash inachukua risasi sita. Mbele yake kuna watu kumi, na wote kumi lazima watoke hai, pamoja na yule mpumbavu aliyejificha nyuma ya pipa. Kila risasi inabidi ifanye kazi mbili. Mimi huwa nasimamisha video hapo najiuliza angefanyaje. Siwezi kufanya hivyo kwa anime ya makombora ya mwanga.

Na adui naye inabidi awe na akili. Legato hana haja ya kumzidi Vash kwa shabaha, anatumia kiapo chenyewe kama silaha. Adui wa namna hiyo hampati kwa stelingi anayeua kila anayekatiza, maana hakuna pa kumshika.

Ila Fundi Saa, umegusa milango ya nyuma, na mimi hapo nina kinyongo na Kenshin.

Kwa wasiomjua: Rurouni Kenshin inaanza mwaka 1878, mwaka wa 11 wa enzi ya Meiji. Himura Kenshin alikuwa muuaji wa kutumwa kwenye vita vilivyoiangusha serikali ya shogun, sasa kaapa hataua tena, na anatembea na upanga uliogeuzwa makali, makali yako upande wa mgongo. Tuache kwanza kwamba ukimpiga mtu shingoni na nondo kwa kasi ile anakufa vilevile.

Angalieni kinachowapata maadui zake. Jin-e, muuaji mwenzake wa zamani, anamteka Kaoru, binti anayeishi naye Kenshin, Kenshin anarudi kuwa muuaji kabisa, kanyanyua upanga, Kaoru anamzuia. Vizuri. Halafu Jin-e anajiua mwenyewe. Tunakwenda Kyoto, Shishio, adui mkubwa, mwili ulioungua hauwezi kutoa jasho, pambano likirefuka anawaka moto mwenyewe na kufa. Usui, mtu wa Shishio, naye kauawa, lakini na Saito, askari wa zamani wa Shinsengumi, kikosi kilichomlinda shogun, ambaye hana kiapo chochote. Yaani kila mahali ambapo swali lilikuwa zito, kuna mtu au jambo limekuja kumjibia. Nampenda Kenshin, mapanga yake ni matamu, lakini mtihani kama ule wa episodi ya 24 sijaona akipewa kwa Shishio.

#6 Ngoma Droo

Na Aang wa Avatar je, yule mtoto asiyetaka kuua? Katafutiwa kasa.

#7 Chumvi ya Mawe

Avatar si anime, usinichafulie uzi. Ila kwa kuwa umeanza: pale ndipo nilipotupa rimoti. Mtoto anawaita Avatar waliomtangulia mmoja mmoja awaulize afanyeje na Mfalme wa Moto. Hata Yangchen, ambaye naye ni mtu wa Upepo, kalelewa kwenye mafundisho yaleyale ya kuthamini kila uhai, anamwambia weka pembeni usafi wa roho yako, dunia inakuhitaji. Nikasema haya, mama kamaliza kesi. Mara anatokea kasa mkubwa kama kisiwa anampa uwezo wa kumnyang'anya mtu nguvu zake. Kesi imefutwa.

Kijana wa Reli, nakuunga mkono kwa Kenshin kwa asilimia zote. Na kwa Trigun nawapa hiyo episodi ya 24, ni kali. Lakini angalieni mnachokisifu: mnasifu pale alipoua. Yaani kilele cha hadithi ya mtu asiyeua ni siku aliyoua. Hiyo ni hoja yangu mmenibebea wenyewe.

#8 Mama Wawili

Wanangu, habari za usiku. Niko zamu, wodi imetulia, nimewasoma wote.

Mimi ni nesi, na kinachonishangaza ni kwamba hadi sasa mnazungumza kana kwamba timu ni wanaoua tu na anayesitasita. Asiyepigana kabisa, ambaye Fundi Saa kamsukuma pembeni huko juu kwa sentensi moja, mbona ndiye timu nyingi haziendi bila yeye?

Kwenye Naruto kuna sheria za Tsunade, mganga mkuu, kwa ninja waganga. Mganga asiache kutibu maadamu mgonjwa anapumua. Mganga asisimame mstari wa mbele. Mganga awe wa mwisho kufa kwenye kikosi. Mwanangu wa kwanza alipoziona alicheka, akasema hawa ni waoga. Nikamwambia fikiria wewe umekatwa mguu na anayejua kukushona kakimbilia mbele kuonyesha ngumi. (Ipo na ya nne inayomruhusu mganga aliyefikia uwezo wa juu kabisa, ndiyo maana Tsunade mwenyewe anavunja mawe.) Cha kwanza alichomfundisha Sakura, mwanafunzi wake, ni kukwepa. Mganga akipigwa, wameanguka wote.

Na hapo bili anailipa vilevile, Fundi Saa. Wazazi wa Winry, yule binti fundi wa viungo bandia kwenye Fullmetal Alchemist, walikuwa madaktari wa nchi ya Amestris waliobaki kuwatibu watu wa Ishval wakati nchi yao wenyewe inawaangamiza. Hawakushika silaha. Aliyewaua ni Scar, mgonjwa waliyekuwa wakimhudumia. Kazinduka na uchungu wa ndugu zake, kaona sura za watu wa upande ule, kawaua.

Winry anakuja kulijua hilo na Scar yuko mbele yake. Kuna bastola chini, anaiokota, anaishika kwa mikono miwili. Hakuna anayeweza kumlaumu. Edward, rafiki yake, anaingia katikati, anamwambia mikono ile ni ya kuwapa watu uhai, na kweli Edward anatembea kwa mguu uliotengenezwa na mikono hiyo. Hapigi. Mkiishia hapo mtasema kaokolewa na rafiki, sawa. Lakini mbele zaidi, kule kaskazini kwenye baridi, Scar ana jeraha mkononi, na Winry anamfunga bandeji. Anamwambia waziwazi kwamba hajamsamehe, ila anadhani wazazi wake wangefanya hivyo. Nimeshafunga vidonda vya watu niliojua walichokifanya kabla ya kuletwa wodini. Ile sura ya Winry wameichora sawasawa. Hana upole wowote usoni. Anafanya kazi.

Chumvi ya Mawe, yule ungempeleka duka la donati?

#9 Chumvi ya Mawe

Mama shikamoo. Hapana, Winry abaki.

Lakini mama, Winry hamzuii mtu mwingine kupigana. Mganga anakaa nyuma, anajua nafasi yake, timu inajipanga kumlinda. Ugomvi wangu ni na yule anayesimama mstari wa mbele, tumemtegemea, halafu dakika ya mwisho anashusha silaha. Hapo sote tunakufa.

#10 Mama Wawili

Marahaba baba. Haya, hapo umesema kitu. Ngoja niitwe huko, narudi.

#11 Ngoma Droo

Kwa hoja ya Chumvi ya kujua nafasi yako, nawaletea Sanji, mpishi wa maharamia wa One Piece, na msicheke.

Sanji si mtu wa amani, anapiga watu mateke mpaka kuta zinaingia ndani. Lakini ana kiapo chake, hampigi mwanamke, hata akiwa anauawa. Kwa timu ni tatizo lilelile la Vash kwa udogo. Kule Enies Lobby anakutana na adui wa kike, Kalifa, anapigwa, anabaki kama sanamu la sabuni. Funguo za pingu zinatakiwa, Robin mwenzao anapelekwa kuuawa, muda hakuna. Nami, mwenzao mwingine wa kike, ndiye anakuja kumpiga Kalifa. Miaka ile watu walimtukana Sanji sana na mimi nilikuwemo.

Nendeni sasa kwenye sehemu ya Wano. Black Maria, adui mwingine wa kike, kamnasa Sanji kwenye utando, anampiga, anataka Sanji amwite Robin ili amtege. Sanji anaita. Anapiga kelele kabisa, Robin njoo uniokoe. Robin anakuja na anafurahi kuitwa. Anaona heshima kwamba jamaa amemwamini kiasi cha kumwomba.

Kiapo ni kilekile. Enies Lobby alikwenda nacho peke yake, ikawa hasara ya wote. Wano kakileta mezani: wakuu, mimi hapa siwezi, nani ananisaidia? Timu ikajipanga.

#12 Fundi Saa

Ngoma Droo leo umekunywa nini? Hiyo ni hoja kuliko zangu zote.

Ndiyo kinachomshinda Vash, ukitazama vizuri. Vash anaficha. Anawakimbia Meryl na Milly ili wasiumie, anajichekesha, anaondoka usiku. Wolfwood naye anaficha kwamba ametumwa na upande wa pili. Watu wawili wanapendana kama ndugu na hakuna aliyekaa na mwenzake akasema mimi nikifika hapa sivuki, wewe utafanyaje. Wangeyasema mapema, lile la Zazie lisingefika pale.

Mama Wawili, umenichapa kwa haki. Ila nasimama na mgawanyo wangu: Winry hagombani na timu, kwa hiyo hakuna kesi ya kujadili. Kesi ni ya mstari wa mbele.

#13 Kijana wa Reli

Kuna mmoja mlimtaja kwenye kichwa cha uzi hamjamgusa. Thorfinn.

Vinland Saga sizoni ya kwanza, 2019, ni kisu na damu. Mtoto anafuatana na Askeladd aliyemuua baba yake, anaua watu miaka na miaka ili apewe nafasi ya kupigana naye. Na baba mwenyewe, Thors, alikuwa mpiganaji wa kutisha aliyeacha. Walipomtega, aliwaangusha watu wa Askeladd kwa ngumi, bila kuua. Alikufa kwa sababu walimshikia mwanawe.

Sizoni ya pili, 2023, watu wengi wakakimbia. Episodi 24 za shamba. Thorfinn ni mtumwa Denmark, yeye na mtumwa mwenzake Einar wanang'oa visiki, wanapanda ngano wajinunue. Kuna waliosema hii si anime ya mapigano tena. Mimi nilikaa, na lile pambano la mwisho ndilo kali kuliko yote niliyoona, na hapigi hata ngumi moja.

Mfalme Canute kaja kulitwaa shamba. Watu wa shamba wameshapigwa vibaya. Thorfinn anakwenda kambini kwa mfalme kuomba kuzungumza. Askari wanamcheka, mtumwa azungumze na mfalme? Jitu moja, Drott, linamwambia ukistahimili ngumi mia moja nakupeleka. Anasimama, anapigwa. Uso unavimba hadi macho yanapotea. Anaanguka, anainuka. Wale waliokuwa wanacheka na kuwekeana dau wanaanza kunyamaza. Mwisho Drott mwenyewe anamwuliza, wewe ni mpiganaji, unaonekana, kwa nini hukurudisha? Anajibu kwamba Drott si adui yake, na kwamba hana adui.

Kisha anafika kwa Canute. Mfalme anamwuliza, nikikataa utafanyaje? Anasema, nitakimbia.

Nilicheka kwa sauti. Canute naye alicheka. Na akaondoa jeshi lake.

#14 Chumvi ya Mawe

Canute aliondoka kwa sababu Canute ana akili. Mpeleke Thorfinn kwa Knives, au kwa Cell, ngumi ya tatu tunazika.

Na usiruke Arnheid, yule mtumwa wa kike. Aliokolewa na amani ipi? Alipigwa na Ketil, mwenye shamba, mpaka akafa, Thorfinn yuko shamba hilohilo.

#15 Kijana wa Reli

Siruki. Kifo chake ndicho kinamtoa Thorfinn shambani kwenda kambini. Einar alitaka kwenda kumuua Ketil pale pale, na Thorfinn ndiye aliyemzuia. Na hapo hesabu ya Fundi Saa inakaa sawa: kamzuia mwenzake asilipize, kwa hiyo kaenda kulipa yeye, ngumi mia moja, kwa uso wake.

Halafu kwenye manga, mbele ya pale anime iliposimama (spoila, mnaosubiri msisome), timu inayosafiri naye inaongezewa binti anaitwa Hild. Thorfinn ndiye aliyemuua baba yake enzi zile za Askeladd. Hild ni fundi, katengeneza upinde wake wa kutegea wenye nguvu ya ajabu. Alipomkamata alikuwa tayari kumuua. Mwisho akaamua kumwachia kwa masharti, anasafiri naye, anamtazama. Siku Thorfinn akirudia kuua, Hild yuko nyuma yake na mshale.

Timu ina baharia mzee, ina mkulima, ina asiyeua, na ina mtu ambaye kazi yake ni kumpiga mshale asiyeua akiua. Nitajieni timu iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

#16 Mama Wawili

Nimerudi. Huyo Hild nimempenda bila hata kumwona.

#17 Chumvi ya Mawe

Hild ndiye mtu wa kwanza mwenye akili timamu kwenye uzi huu. Kama kila mtu wa amani angepewa Hild wake, mimi nisingekuwa na kesi. Wolfwood angekuwa Hild, Vash angekoma zile safari za usiku.

Haya, sizoni ya pili naianza Ijumaa. Niliiacha episodi ya tatu walipoanza kulima. Ila Kijana wa Reli, nikisinzia kwenye hayo mashamba yako kabla ya kufika kwa Drott, nakuja hapahapa kukudai bando langu.

#18 Ngoma Droo

Shahidi niko. Na akisinzia usimlipe, mpe ngumi mia moja.